Mfupa ndani ya moyo wa ng'ombe

Mjomba alikuwa kalala kifudifudi mkekani, vikombe vya hijama vimemganda katikati ya mabega, alipouliza swali lake.

"Ustadhi, hapo ulipochanja, kwa chini kuna nini?"

Ustadhi hakusita. "Kuna damu chafu, mzee wangu. Ndiyo hiyo tunaitoa."

Mjomba akanyamaza kidogo. Tulikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye chumba cha uani kinachonukia mafuta ya habasoda. Mjomba ni mchinjaji mstaafu, na hakuna kiungo cha ng'ombe asichoweza kukitoa hata umeme ukikatika.

"Mimi nimefungua ng'ombe sijui wangapi," akasema, uso umezama kwenye mto. "Damu nimeikuta moja. Sijaona pahala damu chafu imejitenga ikakaa peke yake."

Tukacheka wote watatu, kazi ikaendelea. Lakini macho yangu yalikuwa yamenasa ukutani, kwenye chati. Mgongo wa mtu, nukta nyingi zenye namba, maelezo ya Kiarabu na Kiswahili. Hapakuwa na ini wala moyo wala mshipa hata mmoja. Ngozi na nukta, basi.

Wiki zikapita, chati ile ikagoma kunitoka kichwani.

Kama hijama inaponya au haiponyi, sitaki kuligusa hapa. Ugomvi huo una wenyewe, na kundi la WhatsApp la ukoo wetu linautosha. Kilichonikereketa ni kingine. Tiba hii tunayoiita ya Kiarabu, ambayo kabla ya Waarabu ilikuwa ya Wayunani, ilijua nini hasa kuhusu vitu vilivyomo ndani ya mwili? Na kama ilijua, elimu hiyo ilikuwa na kazi gani pale mgonjwa anapolala mbele ya tabibu?

## La nne katika saba

Matabibu wa mfumo huu walihesabu mambo saba ya kimaumbile. Kwanza asili nne za vitu vyote: moto, hewa, maji, udongo. Halafu mizaji, yaani mchanganyiko wa joto, baridi, unyevu na ukavu ndani ya kila kitu. Halafu majimaji manne ya mwili: damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Ndipo vinakuja viungo. Baada yake roho, nguvu, na kazi za mwili.

Viungo ni la nne, katikati kabisa ya foleni. Mtu akiisoma orodha hiyo haraka anaweza kusema basi, hawa jamaa mwili wenyewe haukuwashughulisha. Walishughulika na joto na baridi tu.

Fungua Qanun, kitabu kikubwa cha tiba cha Ibn Sina, tabibu wa Kiajemi wa karne ya 11, uone. Katika kitabu cha kwanza kati ya vitano anapita mfupa kwa mfupa, misuli, neva, ateri, veni. Katika kitabu cha tatu anateremka kutoka kichwani hadi miguuni, na karibu kila anapofika kwenye kiungo anaanza na umbo lake ndipo aingie kwenye magonjwa yake. Elimu hiyo waliiita tashrihi, na matabibu wa daraja lake mara nyingi waliitanguliza katika vitabu vyao vikubwa.

Kwa hiyo ilikuwepo, tena nyingi. Nikarudi kwenye swali la pili: ilifanya kazi gani?

Jibu la kwanza nililiona kwenye ini. Ini lina upande uliobonyea, unaoelekea tumboni, na upande uliobinuka, unaoelekea juu. Ibn Sina anafundisha kwamba uchafu ukikaa upande uliobonyea, mgonjwa apewe dawa ya kuharisha. Ukikaa upande uliobinuka, apewe dawa ya kukojoza. Kwa nini? Kwa sababu waliamini mishipa ya upande uliobonyea inatoka matumboni, na ya upande uliobinuka inaelekea kwenye figo.

Hapo nikasimama. Tashrihi yao ilikuwa ramani ya njia za kutokea. Tabibu hakuhitaji kujua ini linafanyaje kazi kwa undani. Alihitaji kujua mlango wa karibu uko wapi.

Anasema hivyo waziwazi pia: ukitaka kutibu kiungo, tazama mizaji yake, umbo lake, mahali kilipo, na nguvu zake. Mambo mawili kati ya hayo manne ni tashrihi tupu.

## Mishipa ya mkono

Nenda sasa kwenye kutoa damu kwa kukata mshipa, fasd kama walivyoiita, ndugu mkubwa wa hijama. Kwenye kiwiko walitofautisha mishipa kadhaa. Qifal, upande wa nje wa mkono, hutumika kwa maradhi ya kichwa na shingo. Basiliq, upande wa ndani, hutumika kwa vilivyo chini ya shingo: kifua, ini, wengu. Akhal uko katikati na unagawana kazi na wote wawili. Na kuna mshipa mdogo mgongoni mwa kiganja, kati ya kidole cha pete na cha mwisho: mkono wa kulia kwa ini, wa kushoto kwa wengu.

Ukiutafuta uhusiano huo leo hauupati. Damu ya mkononi inarudi moyoni kwa njia moja, haina habari na wengu. Lakini maonyo yanayoandamana na orodha hiyo yanasimama mpaka sasa. Ibn Sina anamwambia mkataji ajihadhari na basiliq kwa sababu chini yake pana ateri. Ipo kweli. Muulize muuguzi yeyote anayechukua damu kiwikoni kwa nini haukimbilii mshipa wa ndani kwanza.

Nadharia ya mishipa haikuwa kweli, maonyo ya mkono yalikuwa kweli, na yote yako kwenye ukurasa mmoja.

Halafu nikafika kwenye sura yake ya hijama, na hapo ndipo chati ya Ngamiani ilipoanza kuzungumza. Kuumika kisogoni, anasema Ibn Sina, ni naibu wa kukata akhal. Kuumika ubavuni mwa shingo ni naibu wa qifal. Kuumika katikati ya mabega ni naibu wa basiliq.

Katikati ya mabega. Pale pale alipochanjwa mjomba.

Anaongeza kwamba kuumika kisogoni kunasemekana kuleta usahaulifu, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya ubongo ndiyo makazi ya kumbukumbu. Hilo nalo linatoka kwenye tashrihi: ubongo uligawanywa vyumba, cha mbele kwa kupokea hisia, cha kati kwa kufikiri, cha nyuma kwa kuhifadhi.

Kumbe nukta zile zilikuwa na viungo chini yake. Vimefutika tu. Niwe mkweli hapa, maana najua wasomaji wangu: kuumika katikati ya mabega na ubavuni mwa shingo kumo kwenye hadithi za Mtume, na hadithi zilitangulia Jalinus, mganga mkuu wa Kiyunani, kutafsiriwa kwa Kiarabu. Mishipa ililetwa baadaye na matabibu, kueleza jambo ambalo watu walikuwa tayari wanalifanya. Leo maelezo yamedondoka, nukta zimebaki.

## Alichokiona Jalinus

Nilimweleza mjomba kuhusu Jalinus, yaani Galen wa Pergamo, mganga wa karne ya 2 ambaye maneno yake yalitawala tiba hii zaidi ya miaka elfu. Nilimwambia kwamba alianza kwa kutibu wapiganaji wa uwanjani, wale waliojeruhiana kwa panga mbele ya watu, na kwamba Roma haikumruhusu kupasua maiti za binadamu, hivyo alipasua nyani, nguruwe na ng'ombe.

"Basi ni mwenzangu," alisema mjomba.

Ni mwenzake zaidi ya alivyodhani. Katika kitabu chake cha mazoezi ya kupasua, Jalinus anamwambia mwanafunzi kwamba bongo za ng'ombe zinauzwa tayari kwenye miji mikubwa. Yaani anza kwa kwenda buchani. Na anasimulia jinsi tembo alivyouawa Roma, waganga wakakusanyika kuugombania moyo wake, na yeye, baada ya wapishi wa Kaisari kuuchukua, akamtuma mtu jikoni kwenda kuomba mfupa uliomo ndani yake.

Nilidhani mjomba atacheka hapo. Hakucheka.

"Mfupa wa moyoni upo," alisema. "Kwa ng'ombe upo. Mdogo, kwa juu huku, mishipa mikubwa inapotokea. Kisu kinagonga."

Upo kweli. Ng'ombe anao, na wanyama wengine wakubwa kadhaa wanao. Binadamu hana. Jalinus aliukuta kwa wanyama, Ibn Sina akaandika kwamba moyo umeegemea msingi kama mfupa wa gegedu, na wanafunzi wakahifadhi.

Kuna mfano mwingine unaoumiza zaidi. Chini ya ubongo wa ng'ombe na kondoo kuna wavu wa mishipa midogo iliyosukana. Jalinus aliuona na kuustaajabia, akasema ndani yake roho inasafishwa mpaka inafaa kutumika kufikiri na kuhisi. Nadharia nzima ya akili ikajengwa juu ya wavu ambao binadamu hana. Matabibu wa Kiarabu wakaupokea kama walivyoupokea. Ulaya nako uliendelea kuchorwa hadi karne ya 16, Berengario da Carpi alipoutilia shaka na Vesalius alipoukana.

Kupasua nyani hakukuishia kwa Wayunani. Ibn Abi Usaybi'a, mwandishi wa tarehe za matabibu, anasimulia kwamba mwaka 836 mtawala wa Nubia alimpelekea khalifa al-Mu'tasim nyani mkubwa, naye khalifa akampeleka kwa tabibu wake Yuhanna ibn Masawayh, ambaye alimpasua. Nyani wa Afrika, mezani mwa tabibu Mkristo, katika dola ya Kiislamu, kwa kufuata nyayo za Myunani. Habari kama hii ndiyo inayonifanya nikae macho hadi usiku wa manane.

## Taya

Kisha kuna Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu na msomi wa Baghdad, ambaye kwangu ndiye shujaa wa makala hii, ingawa hakupasua kitu.

Misri, miaka ya 1200 hadi 1202. Mto Nile haukufurika ipasavyo, njaa ikaingia, watu wakafa mpaka wakakosa wa kuwazika. Abd al-Latif alikuwa Cairo. Yeye na wenzake wakasikia kwamba huko al-Maqs kuna kilima cha mifupa ya watu, wakaenda kutazama.

Jalinus alikuwa amefundisha kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Abd al-Latif akachukua fuvu moja, akatazama. Mfupa mmoja, hauna kiungo. Akachukua jingine. Akawaita wengine watazame naye. Anasema waliangalia mafuvu zaidi ya elfu mbili, na taya lilikuwa mfupa mmoja kila mara. Baadaye akatazama tena kwenye makaburi ya kale ya Busir, akakuta vilevile.

Anavyoliweka jambo hilo ndivyo vilivyonigusa. Hamtukani Jalinus. Anasema bwana yule alikuwa na daraja ya juu katika uchunguzi na uangalifu, lakini macho ni mkweli kuliko yeye.

Nilimuuliza mjomba kuhusu taya la ng'ombe.

"Linapasuka katikati," alisema. "Ukilipiga hapa kidevuni, linaachana pande mbili."

Kwa ng'ombe, sawa. Kwa mtoto mchanga wa binadamu pia taya huzaliwa likiwa pande mbili, likaungana baadaye. Jalinus hakuwa mwongo.

Lakini sasa shaka ikanijia, na hii ndiyo iliyokuwa ikinikwaruza kuliko zote. Taya limesahihishwa. Ni mgonjwa gani aliyepona kwa hilo? Mtu aliyevunjika taya Cairo mwaka 1203 alifungwa kitambaa kilekile alichofungwa mtu wa mwaka 1199.

## Moyo wa Ibn al-Nafis

Kila mwaka picha ileile inazunguka kwenye simu zetu: Ibn al-Nafis aligundua mzunguko wa damu kabla ya Wazungu. Ni nusu ya kweli, na nusu yenyewe ni tamu kuliko picha.

Jalinus alisema damu hupita kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu vidogo kwenye ukuta wa katikati. Ibn Sina alikubali. Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Shamu aliyekwenda kufanya kazi Cairo, akaandika sherehe, yaani ufafanuzi, wa tashrihi iliyomo kwenye Qanun. Nakala ya kale zaidi inayojulikana ni ya mwaka 1242, alipokuwa bado kijana. Anasema ukuta ule ni mnene, hauna tundu la kuonekana wala la kutoonekana. Kwa hiyo damu lazima itoke upande wa kulia, iingie mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto.

Na mfupa wa moyoni? Anaukataa. Moyo uko katikati ya kifua, anasema, na hapo hapana mifupa; mifupa iko pembezoni.

Hiyo si mzunguko mzima wa damu. Ni safari ya mapafuni tu. Mwili uliobaki aliuacha kama Jalinus alivyouacha. Lakini safari hiyo aliipata sawa, karne tatu kabla ya Servetus na Colombo kuiandika Ulaya.

Aliionaje? Mwanzoni mwa kitabu hichohicho anasema kwamba sharia na huruma iliyomo katika tabia zetu vimetuzuia kushughulika na kupasua. Halafu ndani ya kitabu anasema tashrihi inakanusha walichosema waliotangulia. Wanahistoria wamevutana juu ya sentensi hizo mbili kwa miaka mingi.

Mimi nilianza upande wa wanaosema alipasua kwa siri. Ni hadithi nzuri, tabibu na taa yake usiku. Nimehama. Kadiri nilivyozidi kusoma hoja yake ndivyo nilivyoona kwamba inaweza kusimama kwa kusoma vizuri, kwa moyo wa mnyama, na kwa mantiki. Anauliza: roho inahitaji damu nyepesi iliyochanganyika na hewa, itachanganyika wapi, kama si kwenye pafu? Swali lilikuwa la roho. Jibu likatokea kuwa sahihi kwa damu.

Kuhusu sharia, tusikimbilie. Kila mtu wa pwani anaijua hadithi ya kuvunja mfupa wa maiti, na tumeona familia zikikataa mwili wa marehemu uguswe, zikitaka azikwe kabla ya alasiri. Lakini katazo la wazi la kupasua kwa ajili ya elimu, kwenye vitabu vya fiqhi vya zama zile, watafiti waliolitafuta hawakulipata. Mafakihi walijadili kupasua tumbo la maiti aliyemeza mali ya mtu, na tumbo la mama aliyekufa na mtoto yuko hai, wapo walioruhusu. Ibn al-Nafis mwenyewe alifundisha fiqhi ya Shafi'i Cairo, alijua anachokisema. Na alitaja vitu viwili, sharia na huruma. Watu humnukuu la kwanza na kuliacha la pili.

Basi moyo ukasahihishwa, tena na tabibu mkubwa kuliko wote wa Misri, aliyeacha nyumba na vitabu vyake kwa hospitali ya Sultani Qalawun.

Hakuna dawa iliyobadilika.

Sherehe yake ikanakiliwa na kuwekwa. Mwaka 1924 daktari Mmisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, akiandika tasnifu yake Freiburg, aliikuta nakala Berlin na kuonyesha dunia kilichomo. Miaka karibu mia saba.

Nilikaa na hilo kwa siku nyingi, nikiwa na hasira ya kijinga, kama kwamba kuna mtu wa kulaumiwa. Kisha nikarudi kwenye ini. Tashrihi kwa tabibu ilikuwa ramani ya njia za kutokea. Njia aliyoigundua Ibn al-Nafis haitoki popote. Inatoka moyoni na kurudi moyoni. Huwezi kuharisha kupitia hapo, huwezi kukojoza, huwezi kuukata mshipa ule ukabaki na mgonjwa. Kwa tiba ya wakati wake, lilikuwa jambo la kweli lisilo na mahali pa kuliweka.

## Wenye mikono

Walikuwepo watu ambao tashrihi kwao ilikuwa suala la uhai na mauti. Hawakuwa wakubwa.

Al-Zahrawi wa Andalusia, karibu mwaka 1000, anafungua makala yake ya upasuaji kwa malalamiko: ufundi wa mkono umekufa nchini kwetu, kwa sababu watu hawajisumbui kujua tashrihi. Halafu anatoa mifano. Alimwona tabibu mjinga akikata uvimbe wa matezi shingoni mwa mwanamke; akakata ateri, mama wa watu akavuja damu hadi akafia mikononi mwake. Alimwona mwingine akitoa jiwe la kibofu kwa mzee, akatoka nalo pamoja na kipande cha kibofu. Mzee hakuishi.

Hakuna falsafa hapo. Hakuna roho wala mizaji. Ni ateri iko wapi.

Na serikali ilijua. Al-Shayzari, aliyeandika Shamu karne ya 12 mwongozo wa muhtasib, yule msimamizi wa soko aliyekagua mizani na mikate, anaeleza jinsi ya kuwapima watu wa tiba. Waganga wa macho waulizwe kitabu cha Hunayn ibn Ishaq: tabaka za jicho ni ngapi? Saba. Majimaji yake? Matatu. Asiyejua, asiguse jicho la mtu. Waunga mifupa wajue idadi ya mifupa, na hesabu yao ilikuwa 248. Wakata mishipa wajue veni, ateri na misuli, na anayejifunza aanze kwa kukata mishipa ya majani ya bitiruti mpaka mkono utulie.

Majani ya bitiruti! Ningetoa vitabu vingi vya falsafa ya mizaji kwa sentensi hiyo moja.

Waandishi wa tarehe wanasimulia pia kwamba al-Razi, tabibu mkuu wa Rayy na Baghdad, alipopofuka uzeeni aliletewa mganga wa macho. Akamuuliza tabaka za jicho ni ngapi. Mganga hakujua. Al-Razi akamrudisha alikotoka.

Kwa hiyo tashrihi iliishi sehemu mbili zisizotembeleana sana. Juu, kwa wanazuoni, ilikuwa njia ya kuona hekima ya Muumba; Ibn Rushd anakumbukwa kwa kusema kwamba anayejishughulisha na tashrihi huongezeka imani kwa Mungu. Chini, kwa mkata mshipa na muunga mifupa, ilikuwa mtihani wa sokoni. Katikati alikaa tabibu wa dawa za kunywa, akiuliza: una joto au baridi?

## Na Wazungu je?

Nilitegemea hapa nitapata mstari wa kugawa: hawa walibaki kwenye vitabu, wale wakafungua miili wakaponya. Haupo.

William Harvey, daktari Mwingereza, alithibitisha mzunguko mzima wa damu mwaka 1628. Ukishajua damu ni moja na inazunguka, habari ya mshipa wa ini na mshipa wa wengu imekufa. Mjomba angekuwa wa kwanza kukubali. Lakini Harvey mwenyewe aliendelea kutetea kutoa damu. Desemba 1799 George Washington, koo limevimba, alitolewa damu nyingi ndani ya saa chache akafa usiku uleule. Karne na nusu na zaidi baada ya Harvey.

Kilichoanza kuitikisa desturi hiyo Ulaya ni hesabu. Pierre Louis wa Paris, katika kitabu cha mwaka 1835, aliwachukua wagonjwa 77 wa nimonia akawagawa kwa siku waliyoanza kutolewa damu. Waliotolewa mapema, ndani ya siku nne za kwanza, walikuwa 41, wakafa 18. Waliocheleweshwa walikuwa 36, wakafa 9.

Nilipofika hapo nikakumbuka kwamba al-Razi alishawaza hivyohivyo, karne tisa kabla. Kwenye al-Hawi, mkusanyo wake mkubwa wa tiba, anaeleza dalili zinazotangulia sirsamu, uvimbe wa ubongo, na anaagiza mgonjwa atolewe damu mara moja. Kisha anaeleza amejuaje. Kundi moja aliliokoa kwa kulitoa damu. Kundi jingine aliliacha kwa makusudi, ili apate uhakika. Wale aliowaacha, anasema, wote walishikwa na sirsamu.

Hakuandika walikuwa wangapi.